Matairi ya matope kwenye lami ya Dodoma: tuyavae mwaka mzima?

Wakuu, naleta huu mjadala kwa sababu umetugawa pale tunapopaki, na mimi nina upande. Mwenzangu mmoja anasema gari la kazi likishavaa tairi la matope, MT, livae Januari hadi Desemba, maana dereva wa Dodoma hajui lini ataambiwa ageuze kwenda kwenye tope la Kibakwe au Bahi. Mimi nasema gari linalolala mjini na kushinda kwenye lami halina kazi na MT. Likiwa gari la umma, tairi hilo ni fedha ya umma. Na hatari yake inamwangukia hata mtu anayevuka barabara kwa miguu.

Nianze na lililonipata. Ilikuwa Desemba, mvua ya kwanza, natoka Mtumba kurudi mjini na hadtopu ya ofisi. Mnaijua lami yetu ikiguswa na mvua ya kwanza: vumbi la tangu Mei na mafuta yaliyodondoka vinaloana pamoja, barabara inateleza kama imepakwa sabuni. Mbele kwenye kivuko kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, mguu mmoja tayari uko barabarani. Nilikuwa kwenye 50, si zaidi. Nikakanyaga breki, gari likaendelea kwenda. Liliposimama, bampa ilikuwa juu ya mstari mweupe wa kwanza. Yule mama hakunitukana. Alimpandisha mtoto vizuri kwenye kanga, akapita. Matairi yalikuwa MT mapya kabisa, meno yake yamenona kama kidole gumba, na kila mtu ofisini alikuwa ameyasifia.

Tairi hushika lami kwa mpira unaoigusa lami. MT limeachiwa mapengo mapana kati ya meno ili tope litoke, na pengo halishiki kitu. Meno yenyewe ni marefu, kwa hiyo ukikanyaga breki yanapinda kidogo kwanza. Mengi ya matairi haya hayana vile vichanjo vyembamba vya kutosha juu ya meno, vinavyosaidia kukata utando wa maji. Wapo wanaosema mapengo makubwa yanatoa maji vizuri. Kutoa yanatoa, lakini maji yakishatoka lazima pawe na mpira wa kubana chini, na hapo ndipo mpira unapopungua.

Mafuta nayo yanaliwa zaidi, kwa sababu tairi ni zito na linajiviringisha kwa shida. Kelele je? Nimekwenda Iringa kupitia Mtera, lami tupu zaidi ya kilomita 250, na nilipofika nilikuwa naongea na watu kwa sauti ya juu bila kujua. Kingine kidogo ambacho wengi hawakiangalii: ukitoka saizi 265/65R17 ukaenda 265/70R17 lililo kubwa zaidi, ili gari linyanyuke, mshale wa spidi ukisoma 80 wewe uko karibu 83.

Hoja moja naomba tuiache, ingawa ingenisaidia. Kuna wanaodai meno haya ndiyo yanachimba lami ya jiji. Lami inaumizwa hasa na uzito wa ekseli. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara yanakaribia mara 16. Malori yaliyozidisha mzigo ndiyo tuyaulize, hadtopu tuiache.

Sasa upande wa pili. Dada mmoja muuguzi alinijibu kwamba mvua ikishanyesha, ule udongo mweusi wa mbuga kule Bahi unajaza tairi la AT, lile la njia zote, mpaka linabaki duara laini, linazunguka palepale, na wewe una mama mjamzito nyuma. Yuko sahihi kabisa. MT linajisafisha linapozunguka, AT kwenye udongo ule linashindwa. Na ukuta wa MT mara nyingi ni mgumu zaidi dhidi ya mawe na miiba ya migunga. Kwa gari la wagonjwa linalofanya kazi kule, sina ubishi: livae MT, na dereva apunguze mwendo akifika mjini.

Lakini si wote tuko Bahi na mgonjwa nyuma. Nilifungua daftari la safari la gari langu, nikahesabu miezi ya masika yote. Siku za tope la kweli hazikufika vidole vya mkono mmoja. Zilizobaki ni Mtumba, mjini, Kongwa, Kondoa, na Kondoa nayo siku hizi ni lami. Kwa safari hizo AT linatosha, na gari lisilotoka mjini livae HT tu, tairi la lami.

Mwenzangu anasema basi tununue seti mbili, na nani atatoa hiyo hela? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba seti mbili zinapokezana kuisha, kwa hiyo mzigo mkubwa ni ule wa kununua mara ya kwanza na mahali pa kuhifadhi. Funga MT kwenye rimu zake, vaa Desemba, vua Aprili. Angalizo: mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Na kwa tairi lolote, jamani, upepo. Dereva anapunguza upepo hadi PSI 18 apite mchanga wa korongo, anatoka upande wa pili, anaipata lami, anakanyaga mafuta hadi 100. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja na kuchemka, likipasuka analaumiwa aliyeliuza. Kapampu ka kuchomeka kwenye betri kakae garini. Unapoiona lami, simama ujaze kwanza.

Ninachotaka kutoka kwenu ni mahali na mwezi. Wa Kibakwe, wa Chemba, wa Bahi: AT liliwaacha wapi hasa, kwenye udongo gani, mwezi gani? Na nyie mnaovaa MT hapa mjini mwaka mzima, fungueni daftari mhesabu siku za tope kama nilivyofanya, mziandike hapa.