Feni ya Porsche 944 inazunguka gari likishazimwa

Wakuu, nikipanda mlima Kitonga na kuzima gari Iringa mjini, feni inaendelea dakika kadhaa. Itaua betri?

— Kawaida, mkuu. Ukizima, pampu ya maji inasimama lakini injini bado ya moto, maji yanazidi kupanda joto. Swichi ya joto kwenye rejeta huwasha feni hata bila ufunguo. Usiingize mkono hapo!

— Betri inakufa rejeta ikishapoa na feni haizimi. Hapo chomoa soketi ya swichi: feni ikisimama, swichi mbovu, ikiendelea, rilei (swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye feni) imeganda.

— Kagua pia mfuniko wa tangi la maji, gari likiwa baridi. Huku Mbeya, kwa kuwa ni juu milimani, maji yasiyo na presha huchemka kama nyuzi 94. Presha ndiyo huchelewesha kuchemka, kwa hiyo mfuniko usioishika utafanya maji yachemke mapema.