Semina ya nota za michoro Mbeya: walimu wa kwaya tumelipa ada, tumerudi mikono mitupu

Wakuu, salaam kwenu. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Walimu wa kwaya kutoka Tukuyu, Mbozi, Chunya hadi Makambako tulilipa ada na nauli zetu kuja Mbeya mjini kujifunza jinsi watunzi wa muziki wa kisasa wanavyoandika kwa visanduku, mistari na alama badala ya nota tulizozizoea. Tulichopewa ni kopi mbovu, na mwezeshaji aliyekuwa akirudia kila mara kwamba tuimbe tunavyojisikia.

Chukueni ukurasa wa "Projection 1", kazi ambayo Morton Feldman wa Marekani aliiandika mwaka 1950 kwa ajili ya selo moja, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Visanduku vyake vimepangwa katika safu tatu, na pambizoni kushoto kila safu ina alama yake: almasi ndogo ni ile sauti nyembamba inayotoka kidole kinapogusa waya bila kuukandamiza, P ni kudonoa waya kwa kidole, na A ni kutumia upinde. Kisanduku kikikaa juu, katikati au chini, kinaonyesha eneo la sauti. Upana wake unaonyesha muda, kwa mwendo wa takriban mapigo 72 kwa dakika. Mpigaji ameachiwa kuchagua nota ndani ya eneo hilo, basi. Katika kopi zetu pambizo yote ya kushoto ilikuwa imekatwa. Mwalimu mmoja aliponyoosha mkono kuuliza kwa nini safu ziko tatu na zinatofautianaje, alijibiwa kwamba muziki huu hauna makosa. Mtu mzima, aliyefundisha solfa, yaani nota za do-re-mi, miaka mingi, alinyamazishwa mbele ya wenzake kwa swali ambalo ndilo lilikuwa somo lenyewe.

Huo ni upotoshaji. Penderecki wa Poland, katika "Threnody" yake ya mwaka 1960 kwa ala 52 za nyuzi, aliandika muda kwa sekunde chini ya ukurasa, na pembetatu yake nyeusi ina maana moja tu: nota ya juu kabisa ambayo ala inaweza kuitoa. Hapo hakuna kujisikia.

Najua nitaambiwa kwamba ipo "Treatise" ya Cornelius Cardew wa Uingereza, kurasa 193 za michoro aliyoifanyia kazi kati ya mwaka 1963 na 1967, ambayo aliitoa bila kueleza namna ya kuipiga. Ni kweli. Lakini ukosefu wa maelekezo pale unawatwisha wapigaji mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu inawapasa wakae wenyewe, wakubaliane duara litasikikaje na mstari mnene utasikikaje, kisha washikilie makubaliano yao ukurasa baada ya ukurasa. Sisi hatukupewa hata nafasi ya kukubaliana. Tulipiga kelele pamoja, tukapigiwa makofi, tukaambiwa tumefuzu.

Kinachoniuma zaidi ni dharau iliyomo humo. Kwaya zetu za nyanda za juu husoma solfa kwa umakini mkubwa: ukisahau nukta pacha moja kati ya mapigo, teno wanaingia mapema na wimbo mzima unavurugika. Watu waliozoea kuheshimu alama kiasi hicho ndio hasa wangeweza kuzimudu nota za michoro, laiti mtu angewafundisha.

Waandaaji, ninajua mnapita humu. Tunataka kurasa kamili pamoja na maelezo ya watunzi, na siku moja ya mafunzo chini ya mtu aliyewahi kuzipiga kazi hizi, bila malipo mengine. Kama hamwezi, rudisheni ada. Vyeti mlivyotugawia siku ya mwisho tutawarudishia siku hiyo hiyo.