Kujifungua kwa njia ya asili: kipi nikifuate, na mtoto tumboni anahitaji nini?

BintiWaMikindani
Shikamooni wakubwa zangu. Nina mimba ya kwanza, ya wiki 24, na ningependa kujifungua bila sindano ya kuongeza uchungu isipolazimu. Nimesoma kuhusu mbinu za kupumua ambazo daktari Mfaransa Fernand Lamaze alizipeleka kwao baada ya kuziona Umoja wa Kisovyeti mwaka 1951. Bibi yangu wa Newala ananiambia nitembee tu, nikae wima, na uchungu ukianza ninywe mizizi atakayonichemshia ili mtoto atoke upesi. Je, haya yanapatana? Na kwa sasa nifanye nini ili mtoto akue vizuri?

MkungaMstaafu_Masasi
Marahaba, mwanangu. Kutembea na kukaa wima bibi amesema kweli. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka mzazi achague mkao wake na awe na mtu wake wa karibu pembeni. Ile mizizi usiinywe. Dawa hizo hazina kipimo, na mfuko wa uzazi ukibana mfululizo bila kupumzika, hewa inayomfikia mtoto kupitia damu hupungua, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Sindano ya uchungu ya hospitali huingizwa kidogo kidogo kwa dripu, mkunga akihesabu uchungu na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na bado tunaiogopa.

Mkatalie bibi kwa adabu, kisha umpe kazi anayoiweza. Nimewaona wazee wa huku wakiweka kiganja chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, na kusukuma kwa uzito wao wote kila uchungu unapopanda, na mzazi aliyekuwa ameuma kanga akaanza kupumua tena. Hofu hukaza misuli na kuzidisha maumivu, jambo ambalo daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alilieleza tangu mwaka 1933. Basi anza mazoezi sasa: vuta hewa puani taratibu, itoe mdomoni polepole zaidi. Na ujifungulie kituoni, kwa sababu damu inaweza kutoka nyingi ghafla hata kwa mzazi ambaye hakuwa na tatizo lolote.

MamaWawili_Lindi
Mdogo wangu, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki usiviache. Vikikuchafua moyo, vimeze baada ya kula, pamoja na chungwa. Chai iache mbali navyo, kwani inazuia madini hayo yasifyonzwe. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Vidonge vya SP, vya kukinga malaria, meza kliniki kila wanapokupa, angalau mwezi mmoja baina ya dozi na dozi, na lala kwenye chandarua chenye dawa, maana malaria hujificha kwenye kondo la nyuma na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Muhogo na ming'oko vinashibisha, lakini ni wanga zaidi. Ongeza dagaa, kunde, kisamvu na korosho. Moshi wa kuni na wa kubangulia korosho uukwepe pia.

BintiWaMikindani
Ahsanteni sana. Kulala chali je, kuna madhara?

MkungaMstaafu_Masasi
Kuanzia wiki ya 28 anza usingizi kwa ubavu, wowote ule. Ukizinduka usiku umelala chali, geuka tu uendelee kulala. Mtoto akipunguza kucheza, nenda kituoni siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.