Mjadala: bendi changa za wasichana watupu zitengewe nafasi kwenye matamasha au zisubiri foleni?

Wakuu naomba tulijadili hili bila matusi. Mimi ni mmoja wa wasichana watatu wenye bendi ya electro-pop, yaani pop ya mitambo, tuna sinthesaiza mbili (vinanda vya umeme vya kutengenezea sauti), laptopu na sauti zetu, hata mwaka hatujafikisha. Msimamo wangu nausema mapema: waandaaji watutengee nafasi, na sio kwa kutuonea huruma.

Shoo yetu ya pili fundi mitambo alichomeka waya mmoja tu wa laptopu, akidhani tumekuja kuimba juu ya pleibeki, sinthesaiza zote mbili zikabaki bila waya kama mapambo. Nikamwambia kaka hivi vyombo vinapigwa, tunahitaji chaneli zake, akaangalia nyuma yangu akauliza prodyuza wenu yuko wapi. Prodyuza ni mimi! Ile besi nimeitengeneza kutoka sauti moja tupu, nazungusha kitufe cha filta, kile cha kuchuja sauti, kidogo kidogo wiki tatu mpaka ikaanza kunguruma ninavyotaka. Saundi cheki tukapewa dakika 5, nyimbo mbili za kwanza besi haikusikika kabisa, na tulivyoshuka tukaambiwa mabinti bado hawajaiva.

Na haya hayajaanza leo. Delia Derbyshire mwaka 1963 pale BBC ndiye aliyeutengeneza kwa mitambo muziki wa kufungulia tamthilia ya TV ya Doctor Who, anakata tepu kwa mkono anaziunga kipande kwa kipande, mtunzi mwenyewe Ron Grainer akataka wagawane sifa, BBC ikakataa, na jina la Delia limekuja kutokea kwenye skrini 2013, mwenyewe alishafariki 2001. Kwa hiyo mtu akiniambia subirini uwezo wenu utaonekana, namuuliza utaonekana na nani? Kampeni ya Keychange mwaka 2018 ilipata matamasha 45 yakaahidi kufika nusu kwa nusu wanawake na wanaume ifikapo 2022, mimi hata nusu siombi. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Dada pole sana, huyo fundi alikukosea. Ila mimi naandaa shoo ndogo ndogo na sikubaliani na wewe, nikikuweka kwa sababu ni mwanamke watu watawaita wale wa upendeleo na hilo jina halibanduki, hata mkija kupiga vizuri namna gani. Tiketi inauzwa na muziki. Tuwabane mafundi wabadilike, hapo nipo na wewe.

Mleta mada:
Kaka nimekuelewa, na hilo la jina linaniumiza hata mimi, usiku mwingine tunalijadili sisi watatu mpaka tunanuniana. Lakini fundi atabadilikaje kama anaona bendi kama yetu mara moja kwa mwaka? Akichomeka sinthesaiza zetu mara kumi hatauliza tena prodyuza yuko wapi. Muziki wa mitambo haukomalii chumbani, kwenye hedifoni kila kitu kinasikika kitamu, ukifika kwenye spika kubwa ndio unajua besi yako ni matope na sauti imemezwa, na hilo hulijui mpaka upande stejini ukosee urudi tena. Nipe nafasi ya kwanza kabisa, watu bado wanaingia, dakika 25 na saundi cheki sawa na wenzetu. Halafu niambie ukweli kaka, hao wavulana unaowapanga kufungua shoo zako, ni wangapi walikuwa wameiva siku unawapandisha mara ya kwanza?