Fundi kavua kava la feni eti injini ipumue, jenereta limekufa na kava kaliuza!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Sahare, hapa Tanga, mbele ya friza mbili zinazonuka, na toka juzi sijalala. Atakayeona natukana kidogo anisamehe.

Jenereta langu ni la dizeli, silinda mbili, la kupozwa na hewa. Halina rejeta wala tone la maji. Umeme ukikatika ndilo linaloshika friza za samaki. Mwezi uliopita likaanza kuchemka, nikaletewa fundi kutoka Ngamiani, nikaambiwa huyu ni kiboko. Akalizunguka mara moja, akaligonga kava kwa spana. "Mama, injini haipumui hii. Umeifunika kama bi harusi." Akafungua kava lote la feni, na vile vibati vya kubana hewa kwenye silinda akavitupa kando.

Nikamuuliza, mwanangu, una hakika? Akatoa simu, akanionyesha picha ya ndege ya Lindbergh, ile iliyovuka Atlantiki mwaka 1927, silinda zake 9 zimechomoza nje. "Ona mama, wazungu wenyewe waliziacha wazi."

Nikanyamaza. Hapo najilaumu hadi sasa, maana jibu nilikuwa nalo. Marehemu baba alikuwa msaidizi wa mafundi wa ndege enzi za zile ndege za Dakota, na habari za makava alitulisha pamoja na ugali. Nikaona haya kumbishia fundi mbele ya vijana.

Sasa nambishia hapa. Fundi, ndege ile ilikuwa INAKWENDA! Propela mbele, mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, baridi ya baharini usiku kucha. Jenereta langu linakwenda wapi? Limefungwa boliti nne kwenye zege nyuma ya banda. Upepo wake wote unatoka kwenye feni, na ukilivua kava, feni inabaki kuwapepea kuku.

Tena hata hizo silinda za wazi zilikuwa na shida yake. Upepo unaipiga silinda usoni, unaachana nayo ubavuni, mgongo unabaki unaungua. Na zilivyochomoza vile zilikuwa zinaivuta ndege nyuma. Mwaka 1928 Fred Weick na wenzake wa NACA, shirika la utafiti wa ndege, kule Langley, Marekani, wakaivalisha injini kava zima na kuipima kwenye handaki la upepo, yaani bomba kubwa linalopulizwa upepo kama ndege iko angani. Ndege ya Lockheed Air Express ilipovishwa kava hilo ikatoka maili 157 kwa saa ikafika 177. Injini ileile!

Lakini kava peke yake halitoshi, na hili ndilo baba alikuwa akilirudia mpaka tunachoka: hewa ni mvivu, hupita penye nafasi. Ndiyo maana vikaja vibati vinavyokumbatia mgongo wa silinda, hewa ikishaingia mbele isiwe na njia ila kupenya kwenye mapezi, yale mabati membamba yanayoizunguka silinda kutoa joto. Mbele hewa imesongamana, nyuma imelegea, basi inasukumwa humo kwa nguvu na kutoka na joto. Dakota ilikuwa na silinda 14 kwa safu mbili, ile safu ya nyuma imejificha kabisa nyuma ya wenzake. Bila vibati ingepozwa na nini, dua?

Jenereta langu ni hivyo hivyo, kwa udogo wake. Ugonjwa wenyewe nimekuja kuuona baadaye: mapezi yameziba kwa oili, vumbi na magamba ya samaki. Brashi na dizeli kidogo, kazi ya asubuhi moja.

Siku ya tatu silinda ya pili, ile ya mbali na feni, ikakamata. Pistoni imeikwangua silinda vibaya. Nguru na changu wakaharibika. Nilichookoa ni ng'onda chache tu. Nampigia fundi, ananiambia ni oili mbovu. Namwambia basi nirudishie kava langu, anajibu kaliuza kwa watu wa vyuma chakavu, "nilidhani huna haja nalo mama." Watu wa Tanga tunataniwa waja leo waondoka leo, huyu kaja leo, kaondoka leo, na kava langu kwapani.

Na nyie mtakaokuja kuniambia ninunue sola, tulieni kwanza.

Silinda inachongwa, pistoni nimepata. Kava bado. Mwenye kava la jenereta la silinda mbili limelala gereji, iwe Chumbageni, Muheza au Korogwe, aniandikie. Lisiwe limekatwakatwa. Na liwe na vibati vyake vya ndani, bila hivyo silichukui hata kwa bure.