Naombeni msaada: nimeombwa "bio", CV wameikataa

MamaMiche_TKY: Wadau habari za usiku, huku Tukuyu mvua haikati na mimi nakuna kichwa tu. Iko hivi, nina kitalu cha miche ya parachichi ya kubebesha, hii Hass, sasa nimealikwa semina ya wakulima Mbeya mjini niongelee uchaguzi wa miche, mratibu kanitumia meseji "tuma bio fupi, maneno yasizidi 100". Nikamtumia CV kurasa tatu, kajibu asante ila naomba bio. CV si ndo maelezo yangu yote jamani?? Nimejaribu hivi:

"Nilizaliwa wilayani Rungwe nikiwa mtoto wa nne, nikapata elimu ya msingi kijijini, ni Mkristo, nimeolewa, ni mchapakazi, mbunifu na ninayejituma."

Iko sawa?

Kijana_wa_Mwanjelwa: Dada hiyo ni historia ya marehemu, bado ratiba ya mazishi tu 😂😂

Mzee_Kabrasha: Msimcheke, wengi wanaandika hivyohivyo. Sikia binti yangu, CV anasoma mwajiri, anataka miaka na vyeti ahakiki. Bio ataisoma MC kabla hujasimama, na waliokaa ukumbini wanajiuliza jambo moja tu, huyu anajua nini kuhusu miche mpaka tumsikilize? Kwahiyo anza na kazi unayofanya na unapoifanyia, halafu kitu kinachoonyesha unaijua. Andika "ana", "anafanya", sio "nina", maana anayesoma ni mtu mwingine. Mchapakazi mbunifu futa, hata mwizi anajiita mchapakazi. Dini, ndoa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA usiweke kabisa, hizo karatasi zinapigwa picha zinazunguka magrupu ya WhatsApp na matapeli wamo humohumo.

Nyanda_Juu: Naongezea, hiyo ya kuzaliwa Rungwe mi ningeibakiza. Mkulima wa huku akijua umekulia kwenye udongo wake anakuamini haraka kuliko cheti.

MamaMiche_TKY: Asanteni sana. Na hiyohiyo naweza kuibandika Instagram?

Nyanda_Juu: Haitatosha, Instagram ni herufi 150 tu. Pale weka unauza nini, uko wapi, mtu anaagizaje, basi. LinkedIn sehemu ya About inabeba mpaka herufi 2,600, na huko "mimi" inaruhusiwa, tena inapendeza.

MamaMiche_TKY: Jaribio jipya:

"(Jina) anaendesha kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass mjini Tukuyu, wilaya ya Rungwe alikozaliwa. Ana diploma ya kilimo ya MATI Uyole. Anawauzia miche wakulima wa Rungwe na Busokelo, wengi wakipanda parachichi kwa mara ya kwanza, na huwafuata shambani kuangalia miche ilivyoshika. Leo ataeleza namna ya kuutambua mche mzima kabla hujatoa hela."

Mzee_Kabrasha: Hapo sasa! Toa "leo" tu, ukialikwa Njombe au Mafinga unabadilisha sentensi ya mwisho basi. Picha unayo? Lazima watakuomba.

MamaMiche_TKY: Ninayo ya harusini, nimemkata niliyesimama naye.

Kijana_wa_Mwanjelwa: Mkono wake haupo begani?

MamaMiche_TKY: Upo 🙈

Mzee_Kabrasha: Kapige nyingine kitaluni mvua ikikata.