Ekzosi ya kelele kwenye pikipiki ya cc 150: tunaongeza nguvu au mlio tu?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za majukumu. Hili naomba tulijadili kwa uwazi maana kijiweni kwetu hapa Mwanza limegawa watu. Vijana wanang'oa ekzosi iliyokuja na pikipiki, wanafunga ile fupi iliyo wazi, wanasema sasa injini inapumua na inakimbia zaidi. Mimi nasema kwa pikipiki zetu hizi tunajidanganya, na gharama yake wanailipa watu waliolala.

Nimeifunga mwenyewe miezi miwili. Siku ya kwanza nilifurahi kweli, ukigusa mafuta tu mlio unakujaa kifuani. Kisha nikapakia abiria na kiroba chake kupanda Bugando. Kilima kile nimezoea kukipanda na namba tatu. Safari hii ikakata pumzi katikati, nikarudi namba mbili, injini inalia lakini tairi halisukumi. Na kule juu ni hospitali ya rufaa. Mama mmoja alikuwa anapeleka chakula cha mgonjwa; ilibidi aweke hotpoti chini ili azibe masikio. Jioni ileile nikaing'oa.

Dereva

Mkuu, nakuheshimu ila hapa napinga. Malori hayatuoni. Honi yangu haimfikii dereva aliyefunga vioo na kufungulia muziki. Tangu nibadilishe ekzosi, daladala hazinichomekei kama zamani. Nina watoto watatu, nataka nirudi nyumbani mzima. Kelele ndiyo inayoniokoa.

Fundi

Wengi mnaleta bomba mkononi mnasema "funga", mkishafungiwa mnamlaumu fundi.

Injini ya mipigo minne inatoa moshi kwa mapigo. Pigo likipita kwenye bomba la upana unaofaa linaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo unasaidia kutoa moshi uliobaki na kuingiza mchanganyiko mpya. Bomba likiwa pana mno, moshi unapoteza kasi injini ikiwa kwenye mizunguko midogo, na hapo ndipo nguvu ya kupandia kilima inapotea. Faida ikiwepo, iko juu kwenye mizunguko mingi, ambako mwenye abiria hakai.

Halafu kuna kabureta. Hewa inapita kirahisi zaidi, jeti (kile kitundu kinachopima mafuta) ni ileile, kwa hiyo mafuta yanakuwa machache kulinganisha na hewa. Chomoa plagi: ukiikuta nyeupe kama chokaa badala ya kahawia hafifu, injini inachemka. Ule mpasuko wa pa-pa-pa ukiachia mafuta si nguvu hata kidogo. Ni mafuta ambayo hayakuungua kwenye silinda yanalipukia bombani. Wanaozima na kuwasha swichi wakiwa kwenye mwendo ili ipasuke wanaua ekzosi yao wenyewe.

Anayetaka mlio mzuri aache bomba la mbele na kipenyo chake, achague kizuia sauti kirefu chenye bomba la matundu ndani lililozungushiwa sufi ya kioo. Mlio unakuwa mzito, haukwaruzi. Kisha tupime jeti kuu. Na gasketi ya ekzosi, pale bomba linapoungana na kichwa cha injini, iwe mpya, ikivuja kazi yote ni bure.

Mwanzisha mada

Ahsante fundi. Ndugu yangu dereva, hofu yako naielewa, lakini mdomo wa ekzosi unatazama nyuma. Gari linalokata kona mbele yako ndilo la hatari zaidi, na dereva wake anakusikia umeshafika. Taa ya mbele iwake mchana kutwa, vaa kizibao kinachong'aa.

Tena masikio ya kwanza kuumia ni yako. Wataalamu wa afya kazini wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Wewe uko juu ya pikipiki tangu alfajiri.

Pendekezo langu: kijiwe kikubaliane kwamba ekzosi iliyo wazi haibebi abiria, na usiku haipiti mitaa ya watu.

Dereva

La plagi nimelielewa, kesho naichomoa niione. Pendekezo la usiku naliunga mkono, mke wangu mwenyewe analalamika. Ila mchana barabara kuu bado sijakubali. Wenye malori mko humu? Semeni mnatusikia kutoka umbali gani.